Rejista za parokia au mawe ya makaburi? Uanzie wapi kutafuta ukoo wa kijiji cha Uingereza

Aliyeoa au kuolewa Uingereza, au mtoto aliyezaliwa na mama wa Tanga na baba wa Norfolk, hufika siku akataka kujua ukoo wa upande ule ulitokea wapi. Ukiwauliza wenyewe, wengi watakufikisha kwa babu wa babu na kuishia hapo. Bahati nzuri kijiji cha Uingereza kimeacha mashahidi wawili wanaokaa jirani kabisa: kitabu cha kanisa la parokia kilichoandika ubatizo, ndoa na mazishi, na mawe ya makaburi yaliyosimama nje ya kanisa hilohilo. Mwenye likizo fupi na pesa za kuhesabu analazimika kuchagua aanze na yupi.

Msimamo wangu ni huu: anza na kitabu, malizia na jiwe. Ziko hali tatu ambapo ningegeuza mpangilio, nitazitaja tukifika. Sisemi hivyo kwa kuwa kitabu ni cha kweli zaidi. Vyote viwili hukosea. Nasema hivyo kwa kuwa kitabu kilimwandika karibu kila mtu, tajiri na fukara, mtoto wa ndoa na wa nje ya ndoa, ingawa hakikujali kueleza nani ni nani kwa nani. Jiwe linaeleza undugu vizuri zaidi, lakini lilisimamishwa kwa wale waliokuwa na uwezo wa kumlipa mchongaji.

Familia moja, mashahidi wawili

Mfano ambao kila mtu anaweza kuukagua mwenyewe ni wa William Shakespeare. Weka kando tamthilia zake, mtazame kama mtoto wa fundi wa glavu katika mji mdogo wa soko, Stratford-upon-Avon, aliyeoa binti wa mkulima kutoka Shottery, kijiji kilicho mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka hapo.

Rejista ya kanisa la Holy Trinity mjini Stratford inaanza mwaka 1558. Inasema William, mtoto wa John, alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Alizaliwa lini, haisemi. Tarehe 23 Aprili inayosherehekewa kila mwaka ni makisio. Inasema pia alizikwa tarehe 25 Aprili 1616, bila kueleza alikufa siku gani. Toka kwenye kitabu uende kaburini, ndani ya kanisa karibu na altare. Bamba la jiwe lina shairi fupi la kumlaani atakayeihamisha mifupa yake, na jina halipo. Tarehe ya kufa na umri viko kwenye mnara wa kumbukumbu uliojengwa ukutani: alikufa 23 Aprili 1616, katika mwaka wa 53 wa umri wake.

Hesabu hiyo ya umri huwapoteza wengi, na utaikuta kwenye mawe ya kila kijiji. Aliye katika mwaka wa 53 amemaliza miaka 52, kwa sababu hata mtoto mchanga yuko katika mwaka wake wa kwanza. Kwa hiyo maandishi ya ukutani yanatuambia kwamba William alikuwa ameshazaliwa kufikia tarehe 23 Aprili 1564, na kitabu kinatuambia alibatizwa siku tatu baada ya hapo. Ukitumia shahidi mmoja tu hupati hilo.

Sasa mkewe, Anne Hathaway. Kwake kitabu kiko kimya kabisa, kwani alizaliwa kabla rejista ya Stratford haijaanza. Tulicho nacho ni bamba la shaba juu ya kaburi lake: alikufa 6 Agosti 1623 akiwa na umri wa miaka 67. Toa, unapata 1555 au 1556. Habari yote kwamba alimzidi mumewe kwa miaka 8 hivi inaning'inia kwenye tarakimu mbili za bamba hilo. Kama aliyechonga aliteleza kwenye tarakimu moja, sote tumeteleza naye.

Ndoa yao haipo katika rejista yoyote iliyobaki. Kilichobaki ni karatasi za ofisi ya askofu wa Worcester za Novemba 1582. Tarehe 27 karani aliandika leseni ya William na Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake ikaandikwa hati ya dhamana ya pauni 40, na humo bibi harusi ni Anne Hathwey wa Stratford. Wapo waliojenga hadithi ya wachumba wawili juu ya mistari hiyo. Watafiti wengi wanaona karani alichanganya majina tu, na mimi niko nao: ukishasoma kurasa chache za makarani wa karne ile, jina lililokosewa halikushangazi tena. Binti yao Susanna alibatizwa 26 Mei 1583, miezi sita baada ya hati hiyo. Kitabu hakioni haya.

Halafu yuko Hamnet, pacha wa Judith, aliyebatizwa tarehe 2 Februari 1585 na kuzikwa tarehe 11 Agosti 1596. Hakuna jiwe lake lililobaki. Angekuwa mtoto wa familia uliyokwenda kuitafuta makaburini peke yake, usingejua kama aliwahi kuwepo.

Kitabu

Amri ya kwanza ilitoka mwaka 1538, chini ya Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII. Kila parokia iwe na kitabu, kitunzwe kwenye sanduku lenye kufuli mbili, na kila Jumapili kasisi aandike mbele ya wazee wa kanisa waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliozikwa juma lile. Asiyeandika alipe faini ya shilingi 3 na peni 4. Vitabu vingi vya mwanzo vilikuwa vya karatasi duni, na mwaka 1598, enzi ya malkia Elizabeth I, ikaagizwa vinakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia mwaka alipoanza kutawala, 1558. Makarani wengi walilichukua lile "hasa" kama ruhusa ya kuacha miaka 20 ya nyuma. Ndiyo maana rejista nyingi, ya Stratford ikiwemo, zinaanza 1558, na ndiyo maana kurasa za mwanzo huwa zimeandikwa kwa mwandiko mmoja safi. Unasoma nakala, na kilichorukwa na mnakili kimerukwa.

Kutokana na agizo hilohilo kila parokia ilitakiwa kupeleka nakala ya mwaka kwa askofu wake. Hizi nakala za askofu ni akiba ambayo wanaoanza huisahau. Kitabu kikiwa kimeungua, kimeloa au kimeliwa na panya, nakala inaweza kuwa salama kwenye jalada la dayosisi. Hata kitabu kikiwepo, linganisha. Mara karani aliongeza jina la kijiji kwenye nakala, mara alisahau mtoto mzima.

Baada ya hapo thamani ya kitabu hupanda na kushuka kulingana na miaka. Kati ya 1642 na 1660, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na jamhuri ya Cromwell yule mwingine, Oliver, parokia nyingi zina pengo. Makasisi walifukuzwa, vitabu vikafichwa, na kuanzia 1653 ndoa zikahamishiwa mbele ya hakimu. Ukikwama hapo usijilaumu, wenye uzoefu hukwama hapohapo.

Hadi 1733 kitabu kinaweza kuwa kwa Kilatini. Si kigumu kama kinavyoonekana, kwa kuwa maneno ni machache na yanajirudia. Gulielmus ni William, Jacobus ni James, filia ni binti, vidua ni mjane. Kigumu ni mwandiko wa karne ya 16 na 17, ambamo herufi c na r na e hubadilishana sura. Tafuta kwanza majina unayoyajua, John au Thomas, ujifunze herufi za karani huyo kutoka kwenye majina hayo.

Tarehe ndizo zinazowaumiza watu. Kabla ya 1752 mwaka mpya wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyeandikwa kabatizwa tarehe 10 Februari 1720 ni wa Februari 1721 kwa hesabu yetu. Nimeona watu wakihuzunika kwamba bibi yao wa kale alizaa miezi mitatu kabla ya ndoa, kumbe ndoa ni ya Mei 1720 na mtoto ni wa Februari iliyofuata. Mwaka 1752 wenyewe ulikatwa siku 11: baada ya tarehe 2 Septemba ikaja tarehe 14.

Kuanzia 1754, kwa sheria inayojulikana kwa jina la Lord Hardwicke, ndoa zikapata kitabu chake, na maharusi wakatakiwa kutia sahihi pamoja na mashahidi wawili. Asiyejua kuandika alitia alama, aghalabu msalaba. Mashahidi wasikupite. Mara nyingi ni kaka, dada au mume wa dada, isipokuwa jina moja likionekana kwenye kila ndoa ya kitabu kizima. Huyo atakuwa karani wa kanisa aliyejipatia kibarua.

Kodi nazo ziliingia kitabuni. Kati ya 1783 na 1794 kila ubatizo, ndoa na maziko yalitozwa peni 3, mafukara wakasamehewa, kwa hiyo ukiona herufi P pembeni mwa jina, ni ya neno la Kiingereza pauper, yaani fukara. Wengine waliharakisha kubatiza watoto watatu kwa mpigo kabla kodi haijaanza. Ubatizo wa watoto wengi siku moja hauonyeshi kwamba ni mapacha.

Kisha 1813 ikaja fomu ya kuchapishwa, na kuanzia hapo maisha ni mepesi. Ukurasa wa ubatizo una visanduku vinane, kila kimoja na tarehe ya ubatizo, jina la mtoto, majina ya wazazi, wanakoishi, kazi ya baba na jina la kasisi. Ukurasa wa mazishi una jina, makazi, tarehe ya kuzikwa na umri. Soma tena orodha hiyo utaona kisichokuwemo. Mama ni Mary tu, hana ukoo wake wa kuzaliwa. Aliyezikwa hana mume, mke wala wazazi. Elizabeth, miaka 34, wa kijiji hiki: ni mke wa nani katika akina Elizabeth wanne wenye jina lile la ukoo? Kitabu hakijibu.

Isipokuwa Yorkshire. Huko kasisi mmoja, William Dade, alibuni mtindo wa rejista uliotumika katika sehemu za dayosisi ya York tangu 1777. Humo mtoto anaandikwa ni wa ngapi kuzaliwa, wazazi wake ni nani, na babu na bibi wa pande zote mbili ni nani na walifanya kazi gani. Ukurasa mmoja unakupa vizazi vitatu. Makasisi wa parokia kubwa waliuona mzigo na wengine hawakuufuata, kwa hiyo usitegemee kila kijiji. Durham nako kati ya 1798 na 1812 kulikuwa na mtindo unaofanana na huo kwa agizo la askofu Barrington. Kama ukoo wako unatoka pande hizo miaka hiyo, sahau makaburi kwa sasa.

Kitu kingine ambacho kitabu kina na jiwe halitakuwa nacho ni mtoto wa nje ya ndoa. Makasisi waliandika bila kupamba, na pengine jina la baba likawekwa pembeni. Likikosekana, kuna karatasi nyingine za sandukuni: hati ambazo wazee wa parokia walimlazimisha mwanamume kutia sahihi ili mzigo wa malezi usiiangukie parokia, na hati za makazi za baada ya 1662 zilizoamua fukara huyu ni wa kijiji gani. Kwa familia maskini karatasi hizi zina maisha ya watu kuliko rejista yenyewe.

Jiwe

Kwanza ondoa matumaini ya bure. Kabla ya katikati ya karne ya 17 mtu wa kawaida hakuwekewa jiwe nje ya kanisa. Wenye mali walilala ndani, chini ya sakafu. Karne ya 18 wakulima wenye mashamba, wasaga nafaka, wahunzi na wenye vilabu walianza kusimamisha mawe. Kibarua wa shambani alizikwa bila alama, au kwa ubao uliooza zamani. Kama rejista inamtaja babu kama kibarua, na wengi wanatajwa hivyo, usitegemee kumkuta makaburini kabla ya mwisho wa karne ya 19.

Pili, angalia kijiji kimekaa juu ya mwamba gani, maana gari ndogo ya farasi haikusafirisha jiwe mbali. Leicestershire walichonga sleti (mwamba mgumu wa kijivu) ya Swithland, na maandishi ya miaka ya 1740 huko bado ni makali kama yaliyochongwa jana, pamoja na mapambo yake ya malaika na vilemba vya maua. Vilima vya Cotswold vina jiwe la chokaa na makaburi ya mfano wa meza, na yale ya Painswick yanajulikana sana. Ni mazuri, lakini maandishi yake hulika. Jiwe la mchanga la kaskazini na magharibi ndilo la hatari: hubanduka tabaka zima, na siku likibanduka familia nzima imeanguka kwenye nyasi. Marumaru ya karne ya 19 iliumwa na moshi wa viwanda. Herufi za risasi zilizopachikwa juu yake zikidondoka, usikate tamaa, matundu ya misumari yake bado yanasomeka.

Sasa faida yake. Kitabu kinamzika mume ukurasa mmoja, mke ukurasa wa miaka 30 mbele, na mtoto wao aliyehamia mjini hakimzikii kabisa kwa kuwa alizikwa kwingine. Jiwe linawaweka wote uso mmoja: fulani wa shamba fulani, kisha mkewe, kisha watoto waliokufa wachanga, kisha mwana aliyefia mbali. Linataja siku ya kufa, jambo ambalo rejista ya mazishi haina. Linataja jina la nyumba au shamba, nalo ni ufunguo wa ramani na hati za ardhi. Na mawe ya jirani usiyaruke, kwani koo zilikaa pamoja makaburini. Jina geni katikati ya mstari wa familia yako mara nyingi ni la binti aliyeolewa.

Mfano mzito wa jiwe linaloeleza undugu uko Eyam, Derbyshire, kijiji kilichojifungia wakati wa tauni ya 1665 na 1666. Juu ya kilima, nje kabisa ya uwanja wa kanisa, kuna makaburi yanayoitwa Riley, ya familia ya Hancock. Agosti 1666, katika muda wa siku 8, mama wa nyumba hiyo alimzika mumewe na watoto wao 6 kwa mikono yake karibu na nyumba. Rejista ya parokia ina vifo vya tauni vya kijiji kizima, jina kwa jina. Mawe ya Riley, yaliyokuja kukusanywa pamoja ndani ya ukuta wa duara, yanakuonyesha nyumba moja ikiisha na mahali ilipoishia. Aliyetafuta ndani ya uwanja wa kanisa tu asingewaona.

Jiwe lina ubishi wake. Huenda lilisimamishwa miaka 20 baada ya kifo cha kwanza, na watoto wakakadiria umri wa baba. Huenda halipo mahali pake: karne ya 20 makanisa mengi yaliyang'oa mawe na kuyaegemeza ukutani ili mashine ya kukata nyasi ipite, kwa hiyo jiwe haliwi uthibitisho wa mahali mtu alipolala. Waquaker hawakuweka mawe yenye majina kwa muda mrefu; ruhusa ya mawe ya kawaida, yanayofanana, ilitoka 1850. Wamethodisti na Wabaptisti wanaweza kuwa kwenye viwanja vya makanisa yao wenyewe. Na sheria za maziko za miaka ya 1850 zilifunga makaburi mengi ya makanisa yaliyojaa, hasa mijini, watu wakahamia makaburi ya umma.

Kusoma jiwe ni kazi ya mwanga. Nenda jua likiwa chini, asubuhi au jioni, au mulika tochi kutoka ubavuni, herufi zitatupa kivuli. Piga picha zaidi ya moja. Pangusa nyasi za chini kwa mkono taratibu, kwani mawe huzama, na jina la mwisho, aghalabu la mtoto wa mwisho kuzikwa hapo, huwa limefichwa na udongo. Brashi ya waya, siki, chaki na povu la kunyolea ni marufuku kwa mtu mwenye adabu, hata kama video za mtandaoni zinaonyesha vingine. Ule ukoga wa kijivu na manjano uache. Ukiubandua unaondoka na uso wa jiwe, na wengine wanaokuja baada yako hawatasoma chochote.

Ukiwa mbali, na ukiwa na pesa kidogo

Hapa kitabu kinashinda bila ubishi. Aliyeko Mombasa au Muscat anaweza kufanya kazi ya miezi bila kupanda ndege. FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni, ni ya bure. FreeREG, kazi ya watu wa kujitolea wanaonakili rejista, nayo ni ya bure. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, na kila moja ina mikataba na kaunti zake. Kabla ya kutoa kadi ya benki, hakikisha kaunti yako iko upande gani. Na ukishapata jina kwenye faharasa, fungua picha ya ukurasa wenyewe. Faharasa imeandikwa na mtu aliyekuwa akisoma mwandiko uleule mbaya, na mara nyingi ameacha nje neno la pembeni unalolihitaji.

Usimpigie kasisi simu kumwomba kitabu cha 1750. Kwa sheria ya kanisa ya 1978, rejista zilizozeeka zaidi ya miaka 100 zilipelekwa kwenye ofisi za nyaraka, na kwa kawaida ni ile ya kaunti. Huko utapewa filamu au skrini, si ngozi yenyewe.

Mawe yako mtandaoni kwa mafungu tu. Find a Grave na Gravestone Photographic Resource zina picha nyingi za bure, na kijiji kimoja kinaweza kuwa kimekamilika huku cha jirani hakina hata jiwe moja. Bora zaidi ni vijitabu vya vyama vya historia ya familia vya kila kaunti, vyenye maandishi ya mawe yaliyonakiliwa wakati bado yanasomeka. Jiwe lililonyamaza leo linaweza kuwa linasema kwenye kijitabu hicho.

Vikigombana

Tarehe ya kuzikwa, amini kitabu. Tarehe ya kufa, amini jiwe, ili mradi iwe siku chache kabla ya maziko. Undugu, amini jiwe kwanza kisha thibitisha kwa ubatizo. Umri usimwamini yeyote. Mzee wa miaka 90 kwenye jiwe na kwenye kitabu anaweza kuwa wa miaka 84 ukimpata kwenye ubatizo, kwa kuwa taarifa zote mbili zilitoka kwa jirani yuleyule msibani. Tahajia ya jina la ukoo isikusumbue, kila karani aliandika alivyosikia.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, halitokani na ugomvi huo. Mtu anamtafuta Thomas aliyezaliwa karibu na 1770, anampata Thomas kabatizwa 1769 kijijini hapohapo, anafurahi, anapanda naye vizazi vitano. Hakufungua kurasa za mazishi. Thomas huyo alizikwa akiwa na miezi minne, na wazazi wake wakampa jina hilohilo mtoto aliyefuata, au hawakumpa, na Thomas wa kweli alitoka kijiji cha pili. Kila ubatizo unaoutegemea, tafuta kwanza kama haukufuatiwa na maziko. Jiwe la watoto wachanga, pale lilipo, hukuokoa haraka. Pasipo jiwe, ni kazi ya kupekua kurasa.

Uchague vipi basi

Kama watu wako waliishi baada ya 1837, usianze na chochote kati ya hivi viwili. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai mwaka huo, na faharasa ya mtandaoni ya ofisi kuu ya usajili ina jina la ukoo wa mama kwa watoto wengi tangu mwanzo, kitu ambacho rejista ya ubatizo ilikunyima. Iunganishe na sensa ya 1851, inayotaja parokia ya kuzaliwa, ndipo urudi kwenye kitabu cha parokia hiyo ukijua unachotafuta. Kwa kibarua, fukara au mtoto wa nje ya ndoa wa kabla ya hapo, kitabu na karatasi za sandukuni ndivyo ulivyo navyo.

Hali tatu za kuanza na jiwe ni hizi. Ya kwanza, kitabu kimepotea au kina pengo na nakala ya askofu haipo. Ya pili, familia ilikuwa na shamba au ufundi wa kueleweka karne ya 18, hasa penye sleti, ambapo jiwe moja linaweza kukupa mti uliokamilika kabla hujalipia chochote. Ya tatu ni siku ile unapofika kijijini mwenyewe. Kitabu kitakungoja kwenye skrini mwaka ujao. Jiwe la mchanga lisilopigwa picha leo huenda lisiwe na uso baada ya baridi mbili tatu za barafu.

Na ukiwa hapo, soma pia majina ya vita kwenye mnara wa kijiji na mistari ya chini ya mawe ya familia. Aliyefia vitani hayumo kwenye rejista ya mazishi ya kwao, kwa kuwa hakuzikwa kwao, lakini wazazi waliweza kumwongeza kwenye jiwe lao. Ukikuta kijana aliyekufa kati ya 1914 na 1918 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, mtafute kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni ya bure kutumia. Inatunza makaburi Dar es Salaam, Morogoro, Moshi, Iringa na Taveta, na jina lake likiwa kwenye mojawapo, safari inayofuata ya utafiti haihitaji viza ya Uingereza.